Siku Mama Alipopanga Foleni ya Makaa Yangu

Mama yangu mzazi aliwahi kuniamkia.

Sijakosea kuandika. Yeye ndiye aliyeinama, akanipa ile salamu ambayo mdogo humpa mkubwa wake, halafu akapiga goti juu ya barafu na kunyoosha mikono yote miwili ili nimpe gunia la makaa.

Nami nikampa.

Nilikuwa nimevaa koti jeupe na tabasamu langu la kazini, na kamera zilikuwa zinachukua. Wengi wenu mmeiona hiyo video. Mlilia, mkatuombea baraka, mkaisambaza mpaka kwa mashangazi zenu. Kuna dada mmoja aliandika kwamba angetoa chochote apate mama kama wangu.

Niliposoma hiyo nilizima simu, nikaingia bafuni na kukaa sakafuni.

Leo nawaeleza kilichokuwa nyuma ya lile gunia. Mkimaliza mtanitukana, na mtakuwa na haki.

Naitwa Khaliun. Kama hunijui kwa jina, basi umeshapita chini ya sura yangu pale katikati ya Ulaanbaatar, kwenye lile bango kubwa la masweta ya sufu ya mbuzi. Au umeniona kwenye filamu, nalia. Nalia vizuri sana mimi, nimepewa hadi tuzo kwa kulia.

Nimekulia mlimani, upande wa kaskazini wa jiji, kwenye yale mahema yetu ya duara yaliyobanana na nyuzio za mbao. Baba alifariki nikiwa mdogo. Baridi iliyofuata ikawa ya kuua, ikamaliza kondoo na farasi wetu wote. Mama akakunja hema, akalipakia kwenye lori la mtu, akaja kulisimamisha mjini.

Vitu vya maana tulivyokuja navyo vilikuwa jiko la bati na cherehani.

Mama anaitwa Dejid. Anashona deel, yale majoho yetu ya kufungia ubavuni. Ukitaka ugomvi na mama yangu, mwambie mshono wake umepinda.

Tulikuwa maskini, hilo si uongo. Chai yetu ilikuwa na chumvi bila maziwa. Buti za baridi zilikuwa jozi moja, mpaka mimi nirudi kutoka shule ndipo yeye avae aende kuteka maji. Sema mama alikuwa na kiburi cha ajabu.

Lori la msaada likija mlimani wakati wa baridi, watu walikuwa wanashuka mbio kupanga foleni. Mama alikuwa anafunga mlango na kuikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Mimi nachungulia kwenye upenyo, natamani kulia.

"Mama, wenzetu wanapewa makaa."

"Waache wapewe, wana shida."

"Na sisi?"

"Sisi tuna kazi. Nishikie huu uzi."

Nilikuwa namchukia kwa hilo, niseme ukweli. Jirani yetu Shangazi Pagma hakuwa na aibu hizo. Foleni yoyote yumo. Akirudi na gunia lake alikuwa anapita makusudi mlangoni kwetu, anatutania kwamba watoto wa kifalme wataganda kwa maringo. Mama anacheka naye, anamtilia chai, na sisi tunalala na nguo zote tulizonazo.

Halafu mimi nilikuwa mrefu. Mrefu wa kutukanwa. Shuleni waliniita Mnara, wakawa wananiuliza kama huko juu mtandao unashika. Nikaanza kutembea nimejikunja, kama mtu aliyeangusha sindano.

Mama alikuwa akiniona hivyo ananipiga kofi la mgongo.

"Nyooka. Hujaiba kitu cha mtu."

Sasa sikia bahati ilivyokuja. Siku moja mama alinituma mjini kupeleka deel ya mteja, mama mmoja mbunifu wa mavazi mwenye duka lake. Baridi ilikuwa inakata masikio na koti langu lilikuwa limeshakuwa nyavu. Nikafanya ujinga. Nikaivaa ile deel ya mteja, hariri ya buluu yenye manyoya ndani, nikatembea nayo mpaka dukani.

Yule mama akaniona ninaingia nimevaa nguo yake. Nikajua leo nimekwisha, na mama atakosa mteja.

Akanitazama kuanzia chini hadi juu, ikamchukua muda maana mimi si mfupi. Akasema, "Toka nje, uingie tena."

Mimi nikadhani nimefukuzwa. Nikatoka na kuendelea na safari yangu. Ikabidi anikimbilie barabarani kwenye theluji, na ndara za ndani miguuni.

Hivyo ndivyo nilivyopanda jukwaa la mitindo mara ya kwanza. Baada ya hapo nikaitwa Seoul, nikaitwa Tokyo, nikalala vyumba vya kubanana na wasichana wenzangu tukigawana supu ya pakiti. Kumbe unara niliochekwa nao mlimani, huko nje ni mali. Na kila nilipokuwa natoka nyuma ya pazia nilikuwa nalihisi lile kofi la mgongo.

Nilipoanza kushika hela nilimtafutia mama nyumba ya ghorofani, yenye joto la bomba. Alikuja, akakaa kidogo, akasema nyumba ina kona nyingi mno, mtu anapotea. Akarudi mlimani kwenye hema lake.

Hata hela yangu alikuwa haipokei hivi hivi. Nikimpa kitu, lazima anishonee kitu. Kabati langu limejaa deel ambazo sitazimaliza kuzivaa hata nikiishi umri wa kobe.

Huyo ndiye mama niliyekuwa naye. Kumbukeni hilo mnapoendelea kusoma.

Baadaye nikaingia kwenye filamu. Nilipewa nafasi ya binti wa mlimani, na sikuhitaji kufundishwa. Kuna mahali kwenye hiyo filamu lori la msaada linakuja, mama wa yule binti anapiga goti kwenye theluji, ananyoosha mikono inayotetemeka kuomba gunia la makaa, na binti anatazama. Mwigizaji aliyecheza mama alikuwa hodari. Tulirudia sehemu ile siku nzima mpaka ikaniingia kwenye damu, nikawa naiota.

Filamu ikavuma. Nikaitwa kwenye televisheni. Mtangazaji, kwa upole wote, akaniuliza kama yale niliyapitia kweli.

Nilitakiwa kusema hapana. Neno dogo tu.

Meneja wangu, Kaka Temuulen, alikuwa amesimama nyuma ya kamera ananizungushia kidole, endelea, endelea. Ukumbi mzima unaningoja. Nikainamisha kichwa, kama nilivyofanya kwenye filamu.

"Yule ni mama yangu," nikasema.

Nikasimulia filamu nzima kama maisha yetu. Lori, goti, mikono inayotetemeka. Nikalia. Mtangazaji akalia, watu wa mitambo wakalia. Foleni niliyokuwa nasimulia ilikuwa ya Shangazi Pagma, na hata Pagma hakuwahi kumpigia mtu goti.

Kabla hata sijatoka studio watu walikuwa wameshaanza kuuliza wachangie wapi. Temuulen akasema hii ni neema, tufungue taasisi tugawe makaa mlimani kila baridi. Tukaiita Gunia la Kwanza.

Makaa yaligawiwa kweli, hilo msinishuku. Kuna watoto waliolala kwenye joto kwa sababu ya ule uongo wangu. Ndiyo ilikuwa dawa yangu ya usingizi. Nikishtuka nilikuwa nawafikiria wao, nalala tena.

Nilipokwenda kumwona mama baada ya kile kipindi, nilimkuta ana pini mdomoni, anapima kola. Akanitilia chai, akanikatia nyama, akaniuliza habari za safari. Alipomaliza yote hayo ndipo akauliza, macho yake yakiwa bado kwenye kola:

"Hilo gunia nilipokea mwaka gani?"

Nikacheka. Eti nikacheka.

"Mama, yale ni mambo ya televisheni tu. Watu wanapenda kusikia hivyo. Yanasaidia."

"Aha."

"Umekasirika?"

"Kunywa chai, inapoa."

Hakulirudia tena. Mimi nikaona yamekwisha. Nilikuwa nimemvua nguo mama yangu mbele ya nchi nzima, nikamwacha hivyo hivyo, nikaenda zangu uwanja wa ndege.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Mwandishi mmoja wa habari, binti mkali anaitwa Michidmaa, akapanda mlimani kuuliza watu wa zamani. Wote wakamwambia kitu kimoja. Dejid mshonaji? Huyo hajawahi kupokea hata chumvi ya mtu.

Akampigia simu Temuulen siku chache kabla ya ugawaji wa makaa. Akasema sauti za majirani anazo, habari inatoka, anataka kusikia nasemaje.

Niliona mabango yanashushwa, wachangiaji wanakuja juu, mlima unabaki bila makaa katikati ya baridi. Temuulen akaniambia nikaze uso, tugawe kwanza, majibu yatapatikana mbele ya safari. Nikakaza uso. Hiyo ndiyo kazi niliyoisomea.

Mama sikumwambia. Ningeanzia wapi?

Siku ya ugawaji ikafika. Malori yamesimama chini ya mlima, bango la taasisi linapigwa na upepo, waandishi wamejipanga. Michidmaa alikuwa mbele kabisa na kinasa sauti mkononi, wala hanitazami usoni. Foleni ilianza kwenye nyuzio huko juu ikashuka mpaka barabarani.

Nikaanza kugawa. Mzee mmoja, mama mwenye mtoto mgongoni, kijana mwenye kigari. Nilipoinua macho nikaona kichwa ninachokijua.

Mama alikuwa kwenye foleni.

Mama yangu ambaye hata kumwaga majivu hatoki bila kufunga mkanda wa deel ukakaa sawa, alikuwa amevaa koti lililochanika begani, pamba inachungulia. Lile koti nililijua. Lilikuwa la Shangazi Pagma. Na Pagma mwenyewe alikuwa nyuma yake, kajifunika uso kwa kitambaa, mabega yanacheza kwa kilio.

Majirani wote walikuwa wanamjua Dejid. Hakuna aliyefungua mdomo. Walitazama chini, kila mtu na viatu vyake.

Nikaomba Mungu wa mbinguni foleni isisogee. Ikasogea.

Alipofika mbele yangu akashusha mikono ya koti ikafunika viganja, kama adabu yetu inavyotaka mbele ya mkubwa, akainama.

"Mheshimiwa, afya yako ni njema?"

Halafu akapiga goti. Nilisikia lilivyogonga barafu.

Kamera zikasogea. Mama akageuza uso kidogo, upande wa Michidmaa, akapaza sauti ili kila mtu asikie.

"Gunia la kwanza nilipewa na mgeni, nimepiga goti hivi hivi, na koti hili hili. Nikasema Mungu akinipa uhai, siku moja nitapokea kwa mwanangu. Nimekuja."

Akanyoosha mikono. Ilikuwa inatetemeka, kama kwenye filamu. Na mama yangu hatetemeki mkono, huyu ni mtu anayetunga sindano gizani.

Hapo nilikuwa na nafasi yangu. Ningeweza kumwinua. Ningeweza kusema, huyu anadanganya kwa ajili yangu. Hata kuanguka kando yake ningeweza.

Nikampa gunia, nikatabasamu, nikashika pozi mpaka kamera zikamaliza.

Watu walilia pale. Dereva wa lori alilia. Michidmaa alizima kinasa sauti, akamtazama mama, akanitazama mimi kwa muda mrefu, akaenda kwenye gari lake. Habari yake haijatoka mpaka leo.

Mama alilibeba lile gunia mgongoni akapanda nalo mlima. Vijana wangu walimkimbilia wamsaidie, akakataa.

Nilipomaliza kugawa nikapanda na mimi. Nilimkuta ameshavaa deel yake, mkanda umekaa sawa, moto unawaka. Koti la Pagma lilikuwa mapajani mwake, ameshaanza kulishona bega. Gunia alikuwa amelipitisha kwa Pagma na hakulifungua.

Nikaanguka miguuni pake.

"Inuka," akasema. "Magoti ya leo yametosha."

"Nani alikutuma ufanye vile?"

"Yule binti wa habari alikuja hapa. Mtoto ana adabu, alikunywa bakuli mbili za chai. Akaniuliza mambo ya gunia, nikamwambia jibu langu atalipata siku ya makaa."

"Si ungemwambia ukweli tu, mama?"

"Halafu wewe ungekula nini?"

Akavuta uzi, akaendelea na bega la koti.

"Mtoto akikojoa kitandani," akasema, "mama ndiye anayeanika godoro. Hasimami uani kutangaza nani kakojoa."

Nilimwambia basi, kesho naenda kusema kila kitu, liwalo na liwe. Hapo ndipo alipokasirika. Aliitupa sindano chini, na mama hatupi sindano.

"Usithubutu. Mimi sijampigia mtu goti tangu nizaliwe, hata baba yako aliponiposa nilikuwa juu ya farasi, sikushuka. Leo nimepiga. Ukisema ni uongo nitakuwa nimepiga bure. Na hawa wenye watoto huku juu, makaa watayatoa wapi?"

Nikakubali.

Sasa niwaambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Niliposhuka ule mlima nilikuwa na nafuu moyoni. Mama kanisafisha, kazi yangu ipo, taasisi ipo. Ile nafuu ndiyo inayonitia aibu kuliko uongo wenyewe.

Baridi ikaendelea. Video ikazunguka dunia. Nikaitwa kwenye karamu, nikavishwa nishani ya watu wenye moyo wa kutoa, nikapiga picha na wakubwa. Nilipoulizwa kuhusu mama nilisema hajambo. Sikuwa nimepanda kumwona. Nilikuwa namkwepa, nikijidai kazi ni nyingi.

Nilikuja kupanda karibu na Mwezi Mweupe, sikukuu yetu ya mwaka mpya.

Kwa kawaida siku hizo hemani kwa mama hapaingiliki. Vitambaa mpaka kitandani, wanawake wanagombania nani apimwe kwanza, mama anawafokea wote. Kila mtu anataka kuuona mwaka mpya na deel ya Dejid.

Safari hii cherehani ilikuwa imefunikwa.

Ukutani kote palikuwa na mifuko ya unga, mchele, masweta ya mitumba, viatu vya watoto. Mama alikuwa amekaa tu, mikono mapajani. Sijawahi kumwona amekaa tu. Shangazi Pagma alikuwa kwenye jiko la mama, anakoroga chai kama mwenye nyumba.

Nikauliza vile vitu ni vya nani.

"Vyangu," mama akasema. "Siku hizi wananiletea."

Kumbe tangu ile video watu wa mjini wanapanda na magari yao kuja kumwona Mama wa Gunia. Wanaleta kitu, wanapiga naye picha, wanaondoka wamefurahi. Na mama anapokea. Atakataaje? Akikataa wataanza kujiuliza, mwanamke aliyepiga goti kuomba makaa, unga unamshinda nini?

"Na kazi?" nikauliza.

Aliyejibu ni Pagma, bila kugeuka.

Watu wa mlimani kwetu wana imani yao. Deel ya Mwezi Mweupe hushonwa na mkono wenye neema, maana ndiyo inayokufungulia mwaka. Mkono uliowahi kuomba haumshonei mtu mwaka mpya. Wazee wanaojua ukweli walijaribu kumtetea, wakachoka. Wataanzaje, na mama mwenyewe alisema kwa kinywa chake?

"Hajaletewa kitambaa hata kimoja, Khaliun," Pagma akasema. "Mimi niliyekula misaada maisha yangu yote, leo ndiye ninayempa pole yeye."

"Pagma, koroga chai," mama akamwambia.

Wakati huo huo wageni wakaingia. Mume na mke, vijana, wamependeza, wamebeba mfuko wa unga. Mimi nilikuwa nyuma karibu na kabati, kofia usoni, hawakunitambua. Mama akawakaribisha, akawatilia chai kwa mikono miwili kama anavyomtilia kila mtu. Walikuwa watu wazuri, sitaki kuwasema vibaya. Walimwuliza afya, wakasifu jiko.

Kisha mume akatoa simu.

"Bibi, samahani sana. Tunaomba upige goti kidogo. Kama kwenye video."

Mama akaweka bakuli chini. Akashika ukingo wa kitanda, maana goti la kulia linamsumbua, akaanza kuinama. Wala hakushangaa kuombwa. Nikaelewa kwamba ameshazoea.

Sikufikiri. Nilijikuta nimefika, mikono yangu imeingia chini ya viwiko vyake, nimemshikilia asishuke, kama tunavyowashika wakubwa zetu tukiwasalimia siku ya Mwezi Mweupe. Alikuwa mwepesi mno. Mwanamke aliyebeba gunia hadi mlimani, alikuwa amepungua hivyo na mimi sijui.

"Mama yangu hajawahi kumpigia mtu goti kuomba makaa," nikawaambia. "Hajawahi kupokea kitu cha mtu. Nilidanganya mimi, yeye akaja kunifunika."

Yule mke akaweka mkono mdomoni. Mume akataka kuficha simu.

"Usizime," nikamwambia. "Chukua yote."

Nikarudia tena, taratibu, na jina langu.

Mama akajitoa mikononi mwangu. Nilidhani atanichapa, na ningeshukuru. Akaenda kukaa kwenye kiti cha cherehani na kunipa mgongo.

"Umenifanya nipige goti bure," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na makaa ya watu?"

"Nitauza nyumba ya mjini. Ikiisha hiyo nitatafuta kingine."

Hakunijibu. Nilikaa pale mpaka wageni wakaondoka, mpaka Pagma akaondoka, na hakunijibu. Nikaweka chai mbele yake, ikapoa.

Sasa mnajua. Temuulen ameacha kazi, kanitumia ujumbe kwamba nina wazimu. Aliyechangia na anataka chake, anijie mimi. Nishani ya watu wa kutoa nimeirudisha, maana aliyetoa siku ile hakuwa mimi.

Kama kuna somo humu, ni hili. Ukitoka kwenye dhiki, simulia dhiki yako wewe. Ya mama yako mwachie mwenyewe, hata kama ukiiuza itawasha moto kwenye nyumba za watu. Yeye aliificha usiku na mchana ili wewe utembee umenyooka.

Najua Shangazi Pagma atamsomea haya. Sitegemei aniite.

Nina ombi moja tu, na ni kwa watu wa mlimani kwetu. Mwezi Mweupe bado haujaandama. Mkipita kwa Dejid, msimwachie unga mlangoni. Mpelekeeni kitambaa.